Sahani ya Ishirini na Nane

Siku ilikuwa Alhamisi, tarehe 11 Septemba 1997, saa tano kasorobo asubuhi. Mbingu ilikuwa wazi, upepo ulikuwa mkavu, na vumbi la barabara ya kijiji cha Patsy liliingia katika kila sufuria isiyo na kifuniko. Rafia alishuka kwenye gari la mizigo akiwa na sufuria mbili: moja ya wali, nyingine ya mataba, yaani majani ya mhogo yaliyopikwa kwa nazi. Mbele yake lilikuwa banda la kukamulia mafuta ya maua ya langilangi. Mtambo wake ulikuwa umezimwa tangu siku ya vita, na ndani ya banda walikuwamo mateka ishirini na wanane.

Walikuwa askari wa serikali ya Moroni. Siku nane kabla, meli iliwaleta Nzwani ili wakirudishe kisiwa hicho katika shirikisho la visiwa ambamo kilikuwa kimetangaza kujitoa. Walishindwa upesi. Kamati ya Mutsamudu iliamua kwamba walioshikwa watalishwa na mji kwa zamu, kila nyumba siku tatu. Kamati ilitoa mchele. Nyumba ilitoa kuni, mikono na chumvi. Nyumba ya Rafia ilitoa kuni na mikono. Chumvi ilikataliwa na mama yake, Bi Bahia.

“Aliyekula chumvi ya nyumba ana haki katika nyumba,” Bi Bahia alisema alfajiri ile, akiwa ameushika mfuko wa chumvi kifuani kama mtu anayezuia mwizi. “Hao wamemuua mwanangu mlangoni pangu. Watakula, kwa sababu mji umeamua. Haki hawatapata.”

Mwanawe huyo alikuwa Naoufal, kaka yake Rafia, fundi wa kuchonga milango. Asubuhi ya vita alifungua mlango wa nyumba ili afuate mkate tanurini, hatua thelathini kutoka hapo. Hakufika hatua ya pili. Mbao za mlango zilibaki na matundu matatu ya risasi, na Bi Bahia alikataza yasizibwe.

Rafia alipakua. Mateka walipokea sahani mmoja mmoja, wakaketi chini. Mmoja wao, mtu mwenye mashavu mapana, alionja, akasita.

“Dada, bahari yote hii iliyowazunguka, na chumvi mmeikosa?”

“Bahari ndiyo iliyokuleta,” alijibu Houmadi, mlinzi wa zamu. “Nenda kailambe.” Houmadi alikuwa kuli wa bandarini na rafiki wa Naoufal tangu chuo cha Kurani. Alicheka peke yake.

Mateka wa mwisho alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa. Kichwani alivaa kofia ya viua. Rafia alimpa sahani, kisha hakuiachia. Kofia ile ilimchukua miezi minne kuishona. Karibu na ukingo wa nyuma palikuwa na kitundu kimoja kilichozungushiwa uzi wa samawati, kwa sababu uzi mweupe ulimwishia usiku wa kuamkia Idi na maduka yalikuwa yamefungwa. Naoufal alikuwa akiwaambia watu kwamba dada yake alimtia alama asije akapotea.

“Geuka,” alisema Rafia. Kijana aligeuka. Uzi wa samawati ulikuwapo.

“Umeitoa wapi?”

“Niliiokota.” Lafudhi yake ilikuwa ya Ngazija, kisiwa cha Moroni.

“Kwa nani?”

Kijana alitazama sahani ambayo wote wawili walikuwa wameishika. “Tuliambiwa wapiganaji wako ndani ya nyumba,” alisema. “Mlango ulifunguka, nikapiga. Baadaye tulipokimbia, nilirudi njia ile ile. Nilivua bereti, nikachukua kofia yake nipite vichochoroni kama mwenyeji.”

“Alikuwa na silaha?”

“Alikuwa na kikapu.”

Rafia aliachia sahani. “Jina lako?”

“Ibnou Soulé. Wa Ikoni.”

Houmadi alikuwa amesikia yote. Alikuja na bunduki mkononi, na Rafia akamwambia asimguse. “Wala kofia usimvue,” alisema. “Mwache aivae.” Kisha alikusanya vyombo, akavihesabu, akapanda gari.

 

Mume wa Rafia aliitwa Abdourahim. Alikuwa karani wa forodha, na kabla ya hapo alisoma sheria kwa miaka miwili Antananarivo, mpaka fedha ya masomo ilipokatika. Kamati ilimpa kazi ya kuandika orodha ya mateka. Mjumbe wa shirika la kuwalinda mateka wa vita, kutoka Geneva, alitarajiwa Jumamosi. Angewatembelea mateka, angechukua orodha, na nakala yake ingepelekwa Moroni.

Abdourahim aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Alikuwa na kitabu chenye jalada la kijivu cha mikataba ya vita, na alikisoma mezani huku wengine wakila. “Dunia haitaki kututambua,” alisema mara nyingi. “Lakini tukiwatunza mateka kama dola, itabidi ituhesabu kama dola. Moroni wao wanasema hii si vita, ni fujo ya ndani.”

“Basi kama si vita,” alisema Houmadi, ambaye jioni ile alikuja kuketi sebuleni kwao, “wale waliokuja na mizinga walikuja kufanya nini? Kupiga picha za harusi?”

“Hata ikiwa ni fujo ya ndani, kifungu cha tatu kinazibana pande zote mbili. Asiyeshika silaha asiuawe. Aliyeiweka chini asiuawe.”

Bi Bahia aliinua kichwa. “Naoufal alishika nini?”

Abdourahim alikifunga kitabu.

“Nimekuuliza, mkwe. Hicho kitabu kilikuwa wapi mlango ulipofunguliwa?”

“Mama, kwa jambo kama hilo sheria inataka mahakama. Mtu anashitakiwa, anahukumiwa.”

“Mahakama ya wapi? Ya Moroni iliyomtuma? Au ya hapa, ambayo bado haina hata mhuri?” Bi Bahia alimgeukia Houmadi. “Mwanangu, mwambie ulichoniambia mimi.”

Houmadi alikohoa. Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza kazi ya kupakua shehena. Mjumbe angehesabu watu waliomo kwenye orodha. Aliyemo kwenye orodha ana dunia nyuma yake. Asiyemo hana mtu. Nyuma ya banda kulikuwa na chumba cha mtambo, chenye mlango wa chuma. Mateka mmoja angeweza kukaa humo saa mbili, mpaka mjumbe aondoke. Baada ya hapo kulikuwa na magenge marefu, yaani maporomoko ya mwamba, juu ya Patsy, na njia isiyopitwa na watu.

“Ishirini na saba,” alisema Bi Bahia. “Andika ishirini na saba. Sitaki zaidi.”

“Mama, hilo ndilo hasa linalokatazwa. Likijulikana, kisiwa kizima—”

“Kisiwa!” Bi Bahia alicheka kicheko kikavu. “Nyumba hii ni ya Rafia, na kabla yake ilikuwa yangu, na kabla yangu ya mama yangu. Wewe uliingia humu na sanduku moja, na kufuli lake halifungi. Miaka tisa umekula chumvi yetu. Naoufal ndiye aliyesimama mlangoni kukupokea siku ya harusi. Leo nakuomba jina moja usiliandike, unanisomea kitabu?”

Abdourahim aliona haya mbele ya Houmadi. Alimtazama mkewe amsaidie. Rafia alikuwa akiosha sahani na kuzipanga saba saba, kama alivyozoea. Hakuinua macho.

“Na hebu tazama humo,” Bi Bahia aliongeza, akinyooshea kidole kitabu. “Tazama kama kuna chumvi.”

Abdourahim, kwa mazoea ya utii, alifungua ukurasa. Kifungu cha chakula kilitaja wingi, ubora na aina. “Chumvi hakuna,” alisema.

“Basi hata kitabu chako kiko upande wangu.”

Kesho yake baada ya sala ya Ijumaa, Abdourahim alikaa mbele ya mashine ya chapa na kupiga majina. Aliyapiga kwa vidole viwili, jina, jina la baba, mji. Alipofika ishirini na saba alitoa karatasi na kuitia sahihi.

 

Mjumbe alifika Jumamosi saa nne asubuhi. Alikuwa mtu mwembamba, mwekundu wa shingo, na alimwamkia kila mlinzi kwa mkono. Abdourahim alivaa koti lake la harusi na kusimama kama mkalimani. Mateka walipangwa kwa safu uani. Mjumbe alisoma majina, kila mmoja akaitika, na hesabu ikatimia. Houmadi alikuwa ameketi kwenye pipa karibu na mlango wa chuma, akichokoa meno.

“Ni hawa tu?” aliuliza mjumbe.

“Ni hawa tu,” alijibu Abdourahim kwa Kifaransa safi.

Wakati huo Rafia alikuwa akipakua chakula kwenye meza ndefu. Alizipanga sahani kwa safu za saba. Zilikuwa safu nne. Mateka walipita, kila mmoja akachukua yake. Walipokwisha, sahani moja ilibaki mezani, imejaa, inafuka mvuke. Mjumbe, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu, aliitazama sahani, kisha akatazama karatasi yake.

“Na hii ni ya nani?”

Abdourahim alifungua kinywa ili atafsiri. Rafia alimtangulia. Alisema kwa Kifaransa cha shuleni, polepole, ili mumewe asibakiwe na kazi ya kutafsiri.

“Ya Ibnou Soulé wa Ikoni. Yumo katika chumba cha mtambo. Ufunguo anao huyo aliyekaa juu ya pipa.”

Houmadi alisimama. “Rafia, unajua unachofanya?” aliuliza kwa lugha ya kwao. “Yule ana damu ya Naoufal mikononi!”

“Ndiyo sababu. Fungua.”

Houmadi alifungua. Ibnou alitoka akiwa amefunga macho kwa mwanga, na kofia bado kichwani. Mjumbe hakupiga kelele. Alitoa kalamu, akaiweka juu ya orodha na kumwomba Abdourahim aandike jina la ishirini na nane kwa mkono wake mwenyewe, kisha atie sahihi upya kando yake. Abdourahim aliandika. Koti la harusi lilikuwa limelowa mgongoni, na mateka ishirini na saba walimtazama huku wakitafuna.

Rafia alidai kofia. Mjumbe alieleza kwamba vitu vya mateka ni haki yake. Rafia aliigeuza kofia kichwani mwa Ibnou na kuonyesha uzi wa samawati. Kisha alitoa kibweta cha ushoni kutoka kwenye kanga yake na kuonyesha uzi uliobaki. Mjumbe alivilinganisha, akampa kofia.

Baada ya chakula mjumbe aligawa fomu za barua. Kila mateka aliruhusiwa kuwaandikia jamaa zake habari za kifamilia tu. Barua haifungwi, na maafisa wa pande zote wataisoma. Ibnou aliitazama fomu yake na mkono wake uliofungwa. Rafia aliketi mbele yake, akaichukua.

“Nitaandika mimi. Sema.”

“Andika: Mama Zainaba, niko salama.”

Rafia aliandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyojifunza wote chuoni. “Endelea.”

“Nawasalimu wote. Mniombee dua.”

“Endelea.”

“Nimemaliza.”

“Hujamaliza. Mama yako anajua kusoma?”

“Hajui. Atasomewa.”

“Na nani?”

“Na wale wa ofisini Moroni. Watu wengi hukusanyika hapo kusikiliza habari.” Ibnou alielewa alichokuwa amesema, akanong’ona: “Dada, usinifanyie hivyo. Uniue tu. Mama yangu anaishi Ikoni. Ikoni ni mji mdogo.”

“Mutsamudu nao ni mdogo. Kila anayepita mlangoni kwetu hutia kidole kwenye matundu yale.” Rafia hakupandisha sauti. “Sikiliza, Ibnou. Jana jina lako halikuwamo. Leo nimelitia. Yule mzungu bado hajaifunga orodha, na Houmadi bado yuko pale. Mimi nimekuandika. Sasa na wewe mwandike kaka yangu.”

Ibnou alilia bila kutoa sauti, akauliza jina la kaka huyo na kwa nini chakula hakina chumvi, akajibiwa, kisha akasema maneno, na Rafia akayaandika kama yalivyotoka, bila kuongeza neno. Alipomaliza alimsomea. Ibnou alipaka kidole cha gumba wino na kukigandamiza chini ya karatasi.

Mjumbe aliipokea fomu ile. Hakujua lugha wala herufi, kwa hiyo alimpa mkalimani. “Inasema nini?”

Abdourahim alisoma hadi mwisho. Alimtazama mkewe. Kwa siku mbili alikuwa amekosea mara mbili, mara ya kwanza dhidi ya sheria kwa ajili ya nyumba, mara ya pili kwa kusema uongo mbele ya watu. “Anamsalimu mama yake,” alisema. “Anamweleza anakula nini. Tena anamtajia kifo cha mtu wanayemjua.”

“Ni habari za kifamilia?”

Rafia alijibu mwenyewe. “Ni za familia mbili.”

Mjumbe aliiweka barua pamoja na nyingine.

 

Bi Bahia hakumsemesha binti yake mpaka alasiri. Habari ilikuwa imefika nyumbani kabla ya sufuria. Alikuwa ameketi kizingitini, chini ya matundu matatu.

“Umemwokoa,” alisema.

“Nimemwandika.”

“Ni neno moja.”

“Si moja, Mama. Angekufa leo kwenye genge la Patsy, kesho mama yake angesema mwanawe alipotea vitani. Wangemsomea hitima. Wangemwita shahidi, wampe jina lake mtoto atakayezaliwa. Na Naoufal angekuwa ameuawa na nani? Na mtu asiyekuwapo kwenye karatasi yoyote.” Rafia alitua sufuria chini. “Mimi nataka awepo. Nataka azeeke Ikoni, na kila anayempa mkono ajue mkono ule ulifanya nini.”

Bi Bahia aliichungulia sufuria. “Na chumvi?”

“Sikuitia.”

“Leo pia?”

“Leo pia.”

“Basi ingia ndani,” alisema mama. “Umekonda.”

 

Barua zilifika Moroni baada ya siku kumi na tisa. Zilisomwa Jumatatu asubuhi uani mwa ofisi moja ndogo, mbele ya jamaa waliotoka kila upande wa kisiwa. Zainaba alikuja kwa teksi kutoka Ikoni pamoja na majirani wanne. Alijitanda shuka yake mpya ya shiromani, na njiani aliwaambia kwamba mwanawe alikuwa wa kwanza kushuka melini. Alibeba halua ya kuwagawia watu habari njema ikitoka.

Msomaji alikuwa msichana aliyeitwa Kenza, mwenye sauti kubwa ya mwalimu. Alikuwa amekwisha kusoma barua kumi na moja, zote zikifanana, na watu walikuwa wamechangamka. Alipotaja jina la Ibnou Soulé, majirani wa Zainaba walipiga vigelegele. Kenza akasoma:

“Mama Zainaba, niko salama. Nawasalimu wote. Mniombee dua. Tarehe tatu nilimuua mtu mlangoni kwake Mutsamudu. Jina lake Naoufal. Alikuwa na kikapu cha mkate. Nilimvua kofia nikaivaa ili nijifiche. Dada yake ndiye anayenipikia na ndiye anayeandika barua hii. Jina langu lilifichwa ili niuawe, yeye akalitoa. Chakula chao hakina chumvi, kwa sababu mama yake hataki niwe na haki katika nyumba yake. Ndimi mwanao, Ibnou.”

Kenza alikuwa ameanza kwa sauti kubwa, na kufikia kikapu sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini kila neno lilisikika mpaka barabarani. Mzee mmoja alisema, “Vita ni vita.” Mwanamke mwingine akamjibu, “Kikapu, baba. Amesema kikapu.”

Zainaba aliomba barua isomwe tena. Kenza alisita. “Bibi, nikusomee kando?”

“Hapa hapa,” alisema Zainaba. “Wamekwisha kusikia.” Ikasomwa tena. Alichukua karatasi, akaitazama alama ya kidole, akaikunja mara nne. Halua aliiacha juu ya benchi. Majirani zake walirudi kwa teksi nyingine.

 

Mateka waliachiwa wiki tano baadaye, wote ishirini na wanane, kwa mujibu wa orodha.

Mjumbe alitia sahihi ya kupokea, akasafiri. Houmadi alirudi bandarini kupakua mizigo na hakukanyaga tena nyumba ya Rafia. Abdourahim alijiuzulu kazi ya kamati, akabaki na ya forodha. Kitabu cha jalada la kijivu alikitia katika sanduku lisilofunga. Bi Bahia alimwita fundi kuziba matundu mawili, na la tatu akaliacha. Rafia aliifua kofia, akafumua uzi wa samawati, akazungushia uzi mweupe kitundu kile, akaiweka kabatini.

Kenza aliomba kazi nyingine.

Zainaba hakwenda bandarini kumpokea mwanawe. Ibnou alitembea kwa miguu kutoka Moroni hadi Ikoni, akakuta mlango wazi na sahani ya wali imefunikwa kwenye mkeka. Mama yake aliketi upande wa pili, akamwambia ale. Ibnou alitia tonge moja kinywani, tonge lisilo na chumvi, akalishikilia, akamtazama mama yake. Zainaba hakuondoa macho. Ibnou alikula mpaka sahani ikaisha.